Kata au Katia

Watu wakiniuliza bwana wangu anafanya kazi gani, nasema anakata picha. Wanadhani ni wale wa kupiga picha za pasipoti na kuzisawazisha kwa mkasi. Miaka ya kwanza nilikuwa naeleza: apana, Byamungu anachora ramani kwa kompyuta, kule Mbarara, Nyamityobora, kwa ofisi ya Enjinia Mutabazi iliyo juu ya duka la misumari na rangi. Watu wanasikiliza, wanaitika, halafu kesho yake wananiletea mtoto aliyevalishwa vizuri apigwe picha. Nikachoka. Anakata picha, basi, mnataka nini kingine?

Ila kwa habari hii lazima nieleze, nami nitaeleza mara moja tu. Mchoraji hachori kila kitu mwenyewe, anaazima. Mpima ardhi ana mchoro wake wa mipaka na njia. Kuna na picha iliyopigwa kutoka juu na kile kidege kisicho na mtu, inayoonyesha mapaa, migomba, mpaka masufuria yaliyoanikwa. Byamungu anaviweka vyote viwili chini ya mchoro wake. Haviwi vyake, vinaonekana tu. Na kwa sababu picha ni kubwa kupita karatasi, anazungushia mstari fasi anayoitaka, anabonyeza, na kila kilicho nje ya mstari kinapotea.

"Hakipotei," ananiambia, kidole juu. "Kimefichwa. Kukata si kufuta, Mama Ushindi."

Miaka sita nasikia hayo nikichambua maharage. Mimi sikuolewa na mwanaume, niliolewa na rula.

Alikuwa hivyo tangu kwetu Uvira. Shuleni walimfundisha kuchora kwa wino, na ukikosea unakwangua karatasi polepole kwa wembe. Nilipomfahamu vidole vyake vilikuwa na alama za wembe kuliko vya kinyozi. Tulipokimbia alibeba vifaa vyake vya kuchorea, mimi nikabeba mtoto na godoro. Tukafika Uganda, tukalala Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, pamoja na wageni wengine, tukingoja kupewa fasi ya kujenga. Siku zikapita. Mwishowe akaja mtu wa ofisi na kamba na jembe, akatupimia ploti yetu. Watu wote wanashukuru Mungu, wanaimba, bwana wangu anafanya nini? Anabishana. Eti kona moja haiko sawa. Yule mtu akamwangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mama, huyu ni wako?" Nilitamani kusema simjui.

Sasa hapa kambini, Nakivale, tuna maneno mawili ambayo mtu hachezi nayo. Ukisema "nimekatiwa," watu wanafurahi nawe, maana yake umepimiwa ploti yako, una fasi. Ukisema "nimekatwa," wanakaa kimya na kukutafutia kiti, maana yake jina lako limetolewa kwa orodha ya chakula. Hako ka-i kadogo tu katikati. Mtoto wa miaka mitatu hapa anajua tofauti.

Enjinia Mutabazi haijui. Si mtu mbaya, ni mtu wa hapa hapa, Munyankore wa Kakiika, lakini Kiswahili chake ni kile cha askari na soko. Kwake kila kitu ni kata, leta, weka, toa. Akitaka umletee mtu kiti anasema "leta huyu kiti." Byamungu alikuwa akirudi Ijumaa anamwigiza mpaka tunacheka machozi, halafu ananitafsiria. Ofisini pia yeye ndiye mkalimani. Mteja Mukongomani akikunja uso, Byamungu anasema, "Bosi anamaanisha hivi." Kumbukeni hilo, maana mimi nililikumbuka kwa kuchelewa.

Jirani yangu ni Libérate, Mrundi, tunamwita Mama Sonia. Mjane, fundi wa cherehani. Ploti yake ya kwanza walimkatia kule bondeni, na mvua ilipokuja maji yaliingia mpaka kitandani, nyumba ikalala chini usiku mmoja. Akaomba, akaandika barua, akaomba tena, mpaka wakamhamishia hapa kando yetu. Alifyatua matofali mwenyewe. Mwaka wa kwanza ukuta, mwaka wa pili ukuta, mwaka wa tatu mabati. Siku ya kupiga bati la mwisho alishona sare za wanawake wanne tuliomsaidia, bila kutupima, na zote zilikaa vizuri. Nilimpenda siku ile.

Basi ukaja mradi wa mfereji, wa kupeleka maji ya mvua yasibomoe nyumba za bondeni. Kazi nzuri, nani atakataa? Ofisi ya Mutabazi ilipewa kutengeneza ramani ya nyumba na njia, halafu Enjinia mwingine pale mjini, anaitwa Ladislas, achore mfereji juu ya ramani hiyo. Mutabazi alikuja kutembea hapa, akaona nyumba ya Mama Sonia, akaona kwamba haimo katika mchoro wa mpima, maana mpima alipita kabla haijajengwa. Ilikuwa inaonekana kwa ile picha ya juu tu. Akamwambia, "Mama, wewe usiogope. Mimi takata wewe." Mama Sonia akaogopa siku mbili, mpaka nikamweleza kwamba kwa Kiswahili cha yule mzee ni jambo zuri.

Jumatatu asubuhi wakaja watu na vigingi na rangi nyekundu. Nilikuwa nafua. Nikasikia Mama Sonia anamwita Mungu wake kwa Kirundi, "Mana yanje! Mana yanje!" Nikakimbia na mapovu mikononi. Kapita, mkubwa wa wachimbaji, amesimama mbele ya mlango wake, brashi inadondosha rangi, na juu ya mlango kuna msalaba mwekundu mkubwa. Mkononi ana karatasi.

"Mfereji unapita hapa," akasema. "Alhamisi tunachimba."

"Unapita hapa wapi? Hii ni nyumba!"

Akaangalia karatasi. Akaangalia nyumba. Akaangalia tena karatasi.

"Kwa ramani hapa hakuna nyumba, mama."

Jamani! Mtu mzima, mwenye macho mawili, amesimama kwa kivuli cha nyumba, anasema hakuna nyumba! Nilimwambia aweke kichwa chake ukutani agonge, aone kama hakuna. Akasema yeye hakuchora, yeye anachimba tu. Mama Sonia akamnyang'anya karatasi. Jikoni kwangu pamo, choo changu kimo, kando yake nyumba yake ni weupe mtupu. Na pale chini kwenye kona, kwa herufi nzuri za kunyooka: Imechorwa na Byamungu.

Akanigeukia. "Mama Ushindi. Bwana yako amenikata."

Nilimpigia simu Byamungu. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Huyu mtu simu haimtoki mkononi, siku hiyo haioni.

Jumanne tukapanda gari la kwanza, mimi na Mama Sonia, tukafika Nyamityobora duka la misumari halijafungua. Byamungu alipotuona mlangoni alisimama, akakaa, akasimama tena. Mutabazi akatukaribisha, "Karibu, nyabo, karibu, kaa," akaagiza chai. Mama Sonia hakukaa. Aliweka ile karatasi mezani na kidole chake cha fundi juu ya weupe.

"Enjinia, nyumba yangu iko wapi?"

"Banange," akasema Mutabazi. "Byamungu, nyumba ya mama wapi?"

Byamungu akafungua mchoro. Macho yake hayakutoka kwenye kioo cha kompyuta, mimi nikidhani ni aibu ya kukosea. "Haikufutwa," akasema. "Mama Sonia, nisikilize. Picha iko yote. Nilizungusha mstari, kilicho nje kimejificha tu." Akabonyeza mara mbili, na ile nyumba ikatokea pale pale. Bati jipya linang'aa, kamba ya nguo, na juu ya kamba kitenge changu cha bluu nilichompa anishonee. Nilitaka kumpiga Byamungu kwa kibao cha chapati.

"Kwa hiyo iko?" akauliza Mama Sonia.

"Iko."

"Na mfereji?"

"Mfereji… uko juu yake."

Mutabazi akaanza kupiga kelele. Yeye alituma sauti kwa simu, alisema wazi, sasa huyu alisikia nini? Akatafuta, akaiweka kwa nguvu tusikie wote: "Byamungu, ule mama ya cherehani, ile nyumba yake mupya. Wewe kata yeye ploti vizuri, nasikia? Usisahau."

"Si ndiyo hiyo, bosi," akasema Byamungu. "Ulisema kata. Nimekata."

"Mimi nasema kata yeye ploti! Chora mupaka yake, weka nyumba ndani! Si kata yeye toa!"

"Kwa Kiswahili hiyo ni katia."

"Kata, katia, tofauti wapi?"

"Tofauti iko kwa mlango wangu," akasema Mama Sonia. "Ni nyekundu. Njoo uione."

Kisha wakaanza tena, huyu ka-i, yule ka-i, Mutabazi anaiweka sauti mara ya pili, mara ya tatu, kama itabadilika. Nilisikia kichwa kinapasuka. Nikawaambia Kiswahili mtafundishana Jumapili, kesho kutwa watu wanachimba, rudisheni nyumba kwa ramani. Hapo Mutabazi akainama karibu na kioo, akakunja uso.

"Byamungu. Fremu wapi?"

Byamungu akasogeza kiti nyuma.

Fremu ndiyo ule mstari mwembamba unaobaki kuzunguka picha iliyokatwa, ili mtu mwingine akipokea mchoro ajue kwamba huko nje kuna kitu kimefichwa. Unaweza kuuzima. Mutabazi alisema kwa miaka sita Byamungu hajawahi kuuzima hata mara moja, mpaka anawagombeza wenzake wanaouzima. Leo umezimwa.

Mutabazi akampigia Ladislas, akaweka simu mezani tusikie. Ladislas alikuwa na haraka na hasira. Alisema ramani imeshapigwa muhuri, watu wameshaenda, sasa nyumba inatoka wapi? Mutabazi akamweleza. Ladislas akapumua kwa nguvu.

"Sikiliza, upande wa juu ni jiwe tupu, siwezi. Mimi mwanzo nilikuwa nimenyoosha huo mfereji, ulipita sawasawa. Ila ulikuwa unakanyaga jikoni kwa mtu. Nikaona pembeni ni peupe, hakuna kitu, nikaupindisha. Kama ningeona nyumba pale ningeuacha ulivyokuwa. Jikoni ni jikoni, nyumba ni nyumba. Jikoni lenyewe la nani?"

Mimi nilikuwa naangalia kioo. Ule mstari wa bluu wa mfereji ulikuja moja kwa moja kutoka barabarani, ukafika ukutani kwa jikoni langu, ukazunguka kwa adabu, ukaingia chumbani kwa Mama Sonia.

"Byamungu," nikasema. "Njoo huku nje."

Tukasimama kwa ngazi. Chini watu wa duka wanapakia mabati.

"Ulisikia kata ama katia?"

"Mama Ushindi…"

"Miaka sita unanitafsiria yule mzee. Usinifanye mjinga. Ulisikia nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Ladislas alikuwa amenionyesha ule mstari wa kwanza, kabla ramani haijaisha," akasema polepole. "Ulikuwa unapita jikoni kwako. Halafu bosi akatuma ile sauti. Nikaisikiliza mara mingi. Nikasema, si amesema kata? Mwenyewe amesema kata."

Sasa niseme ukweli kuhusu lile jikoni. Nililiomba miaka mitano. Nilikuwa napikia ndani, moshi ulinila kifua mpaka nikawa nakohoa damu, na daktari akasema nisipikie ndani tena. Byamungu alilijenga likizo mbili mfululizo, akalipima kila tofali, akaweka bomba la moshi alilochora kwanza kwenye karatasi mara nne. Nilimtukana kwa zile karatasi nne. Lakini siku nilipowasha moto mle ndani moshi ukapanda wote juu, nikapumua, nikalia. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu kama kile.

Kwa hiyo pale ngazini, kabla ya hasira, nilifurahi. Ndiyo. Kidogo tu, nilifurahi kwamba kuna mtu duniani anayeweza kufanya uovu kwa ajili ya kifua changu. Nikajichukia pale pale, na yeye nikamchukia zaidi kwa kunifanya nijichukie.

"Angelala wapi?" nikamwuliza. "Mvua ni mwezi ujao. Angelala wapi, Byamungu, yeye na Sonia?"

"Nilidhani wangemkatia fasi ingine."

"Ulidhani! Weye unayepima mpaka kitanda, hapo ulidhani!"

Nikarudi ndani. Mama Sonia alikuwa amesimama pale pale, mikono kifuani, chai imepoa mbele yake. Ladislas alikuwa bado kwenye simu analalamika. Nikaiinamia ile simu nikasema, "Enjinia, jikoni ni langu. Nyoosha mfereji wako."

"Mama, una uhakika? Kwa jikoni hakuna malipo, hiyo haimo kwa mradi."

"Nimesema nyoosha. Unataka nikuimbie?"

Byamungu akakaa kwa kompyuta. Akairudisha picha yote, akaizungushia nyumba ya Mama Sonia mpaka wake, akaandika jina lake ndani, akawasha fremu. Hakugeuka kutuangalia. Ramani mpya ikatumwa, ikapigwa muhuri mwingine, ikarudi jioni, na kapita akapigiwa simu. Nilikuwa na njaa na hasira na sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote kwenye gari.

Jumatano Byamungu alirudi nyumbani nasi hatukumtegemea. Alipanda juu ya jikoni akatoa mabati moja moja, akanyoosha misumari akaiweka kwenye kopo, akashusha lile bomba la moshi akalifunga kwa gunia. Majirani wakaja kusaidia, wakimsifu, "Papa Ushindi ni mutu wa roho, ametoa jikoni ya mke wake ili mjane abaki." Yeye anaitika kwa kichwa. Mara tatu nilifungua mdomo, mara tatu nikaufunga, na wanaonijua wanajua mimi sifungi mdomo.

Alhamisi wakachimba. Saa sita mchana mfereji ulikuwa umeshapita, na pale nilipokuwa naweka masufuria kulikuwa na shimo la kufika kiunoni. Tulikaa chini ya ukuta uliobaki, mimi na yeye. Ndipo Mama Sonia akaja, amebeba sufuria kichwani na sahani mkononi. Ugali, ndagala, lengalenga. Akapiga magoti, akapakua, akamwekea Byamungu mbele sahani ya kwanza, kubwa, kama mgeni wa heshima.

Byamungu hakunyoosha mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Mama Sonia," akasema. "Mimi nilisikia vizuri. Enjinia alitaka nikukatie. Nilijua."

Mama Sonia akaendelea kupakua sahani ya pili, akasawazisha ndagala na kijiko.

"Ego, ndiyo," akasema. "Nilijua tangu kwa ofisi. Simu ilikuwa mezani, nilimsikia Ladislas."

"Na umeniletea chakula?"

Mama Sonia akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Sikukuletea weye," akasema. "Mama Ushindi hana jikoni."